Lenzi ya Malimbuko

Tryphosa alikuwa ameolewa na mpiga picha, na ukutani kwake hakukuwa na picha hata moja ya maana. Ndiyo, wacha kushangaa. Mumewe, Walubengo, alikuwa amepiga harusi za Eldoret mpaka wengine wa hao maharusi wakaachana, wakaoa tena, akawapiga tena. Mazishi ya kule Ziwa ni yeye, harambee za Moiben ni yeye. Lakini nyumbani kwake Langas, pale sebuleni, palining'inia kalenda ya duka la mbolea, basi. Watoto walibatizwa, wakang'oka meno, wakaota mengine, na kila Tryphosa alipoulizia picha aliambiwa, "Nitapiga, Mama Edinah. Si nyinyi mko hapa tu?" Utadhani watu wa nyumbani huwa hawakui.

Kwa hivyo Edinah, mtoto wao wa kwanza, alipomaliza masomo ya ualimu pale chuo kikuu upande wa Kesses, Tryphosa alimketisha mumewe akamwambia pole pole, jinsi mtu anavyomwambia mgonjwa namna ya kumeza dawa. Hakutaka keki. Hakutaka tenti wala mziki. Alitaka picha moja tu: Edinah amevaa joho, amesimama wakati ule ule wanapopewa digrii. Si ile ya kusimamishwa kando ya maua baadaye. Ile yenyewe.

"Hiyo tu?" Walubengo akauliza.

"Hiyo tu."

"Hiyo umepata."

Mtu mwingine angechukua kamera aliyo nayo, akaenda akapiga. Walubengo akaenda akanunua lenzi.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana Tryphosa mwenyewe alielezwa mambo haya wakati wa chai, wakati wa chakula na hata wakati wa maombi. Kamera ya Walubengo ni ya kampuni moja kubwa. Kampuni hiyo inatengeneza lenzi zake pia, lakini bei yake inamfanya mtu akae chini. Basi kuna kampuni nyingine za pembeni zinazotengeneza lenzi za kuingia kwenye kamera hiyo hiyo. Na kusema haki, nyingi ni nzuri, watu wanazitumia na kulisha familia. Shida ni kwamba kamera za siku hizi haziridhiki na kioo. Zinataka kuongea na lenzi. Kamera inauliza, lenzi inajibu, na siku lenzi ikijibu vibaya, kamera inanyamaza na kazi imeishia hapo.

Tryphosa alikuwepo dukani siku ya kununua. Muuzaji, Wahome, ambaye ana kibanda cha vioo katikati ya mji na hana haraka na mteja, alieleza vizuri. "Hii ni kali, Mzee. Lakini ukifika nyumbani uijaribu. Na kama kamera umeipatia apdeti, ile programu mpya, niletee hiyo lenzi niiwekee apdeti yake pia, dakika chache tu kwa laptop. Hizi za pembeni, kamera ikibadilishwa ndani, zinaweza kukataa."

Tryphosa alisikia kwa masikio yake. Walubengo naye alikuwa anageuza boksi, anasoma maandishi ya pembeni, anatabasamu.

Jumapili iliyofuata akalibeba lile boksi mpaka kanisani.

Kanisani kwao, kitu cha kwanza huwa hakiliwi hivi hivi. Mahindi ya kwanza ya msimu, maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, mshahara wa kwanza wa kijana, vyote vinaletwa mbele, vinaombewa. Hayo ndiyo malimbuko, na hakuna anayeyachezea. Hata pikipiki mpya huletwa pale mlangoni, pasta akaiwekea mikono hadi kwenye tairi. Sasa Walubengo akasimama mbele ya watu na suti yake ya kahawia akasema yeye hana shamba, hana ng'ombe, lakini ana jicho hili la kioo, na picha yake ya kwanza kabisa itakuwa ya msichana wake akipewa digrii. Kabla ya hapo halitaona kitu kingine. Watu wakasema amina. Pasta akaliwekea boksi mikono. Kina mama wakashika wimbo.

Tryphosa alisema amina pamoja na wengine. Walipofika nje ndipo alipojiuliza ameitikia nini.

"Baba Edinah," akamwambia usiku huo, "hiyo lenzi si uijaribu?"

"Nikiijaribu itakuwa imepiga picha. Sasa malimbuko yatakuwa wapi?"

"Iweke tu kwenye kamera, uone kama zinasikilizana. Usipige."

"Itakuwa imeona."

"Imeona nini?"

"Imeona nyumba. Nilisema haitaona kitu kingine."

Mtu wa aina hiyo utamfanya nini? Boksi likawekwa juu ya kabati, juu ya kitambaa cha kushonwa kwa mkono, na watoto wadogo wakaambiwa wasipige kelele karibu nalo. Na kana kwamba hiyo haitoshi, siku moja kamera ikaandika kwenye skrini kwamba kuna apdeti, na Walubengo, ambaye husoma kila kitu isipokuwa kile cha muhimu, akaikubalia. Tryphosa akamkumbusha maneno ya Wahome. Walubengo akacheka. "Wahome anataka tu nirudi dukani aniuzie kitu kingine," akasema, akaendelea na ugali wake.

Siku ya mahafali ikafika na baridi ya Desemba, ile inayoingia kwenye viatu. Langoni mwa chuo wauza shashi za kuvishwa wahitimu walikuwa wamejaa, shingo zimefunikwa na nyekundu na dhahabu, na wazazi kutoka kila upande wanakanyaga matope na viatu vya kuazima. Edinah alikuja mbio kuwasalimu kabla hawajapangwa. Joho lilikuwa refu, akalishika kwa mkono mmoja.

"Baba, sikiza," akasema. "Nimepewa kiti cha mwisho wa mstari, upande wenu kabisa. Hawaiti majina. Wanaita kitivo, tunasimama wote, tunavaa kofia, tunakaa. Ni haraka sana. Nikisimama nitageuka niwaangalie. Usinipoteze."

"Nikupoteze wapi? Nitakuona mpaka kope."

Edinah akacheka, halafu akamgeukia mama yake, akashusha sauti. "Mama, hakikisha."

Tryphosa akaahidi. Ndiyo maana hakukaa kwenye hema na wazazi wengine. Alimfuata mumewe mpaka kwenye kamba, pale wapiga picha walipokuwa wamejipanga, akasimama karibu naye na mkoba begani.

Pembeni yao alikuwa Obiero. Obiero ni mpiga picha pia, wa mtaa wa Huruma, na yeye na Walubengo wamenyang'anyana kazi miaka mingi bila kununiana. Akawasalimu, akampongeza Mama Edinah kwa mtoto, akarudi kwenye kamera yake.

Walubengo akavua kofia. Akaomba maombi mafupi, kwa sauti. Akafungua boksi, akabandua plastiki, akaitoa lenzi nyeusi inang'aa, hata alama ya kidole haikuwa nayo. Akaizungusha kwenye kamera, ikaingia kwa mlio mdogo mzuri. Tryphosa akashusha pumzi. Akajiambia pengine amekuwa mkali bure.

Halafu akawasha kamera, na skrini ikaandika kwa Kizungu kwamba haiijui hiyo lenzi.

Akazima, akawasha. Haiijui. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Haiijui. Akapangusa vile vyuma vidogo vya nyuma na tai yake.

"Una raba?" akamuuliza mkewe.

"Raba gani?"

"Ya kufutia. Ya penseli. Inasafisha hivi vyuma."

"Baba Edinah, mimi nimekuja mahafali. Raba nitatoa wapi?"

Akachukua pindo la leso ya mkewe bila kuuliza, akapangusa nalo. Akatoa betri, akairudisha. Mara lenzi ikaamka, Tryphosa akasikia inanguruma ndani kidogo kidogo. Lakini ilikuwa inatafuta fokasi na haipati. Inaenda mbele, inarudi nyuma, inaenda mbele tena, kama mtu aliyesahau kilichomtoa nyumbani. Kwenye skrini uwanja mzima ulikuwa ukungu. Walubengo akabonyeza. Haikupiga.

"Zungusha na mkono," Tryphosa akasema. Hata yeye alijua hivyo. Ile lenzi yake ya zamani ilizungushwa na mkono.

"Hizi mpya hata ukizungusha na mkono ni kamera inazungusha. Kama hazisikilizani, hakuna kitu kinaenda ndani."

"Kwa hivyo hiyo pete hapo ni ya urembo."

Akazidi kubonyeza.

Mbele jukwaani hotuba zilikuwa zimeisha. Kitivo cha kwanza kikaitwa, kikasimama, kofia zikavaliwa, hema moja likalipuka kwa vigelegele. Ni kweli, ilikuwa haraka sana. Tryphosa akahisi jasho mgongoni na baridi yote ile.

Obiero akainamisha kichwa akaangalia. "Mzee Walu, hukuijaribu?"

"Ni malimbuko," Walubengo akasema, bila kuinua macho.

Obiero akamtazama Tryphosa, na Tryphosa ikabidi aeleze, mbele ya watu, kwamba mume wake aliapa kanisani lenzi isifunguliwe. Alieleza kwa maneno machache sana. Obiero hakucheka, na kwa hilo Tryphosa alimshukuru.

"Lakini ni hii hii yangu," Obiero akasema, akainua kamera yake. Lenzi iliyokuwa mbele yake ilikuwa ni ile ile, kampuni ile ile ya pembeni. "Nilichukua kwa Wahome pia. Siku ya kwanza ilinikataa hivyo hivyo. Nikairudisha, akaiwekea apdeti, nikaenda nayo nyumbani nikapiga kuku wa jirani mpaka jirani akaniuliza kama nataka kununua. Hiyo hapa hutaitengeneza, Mzee. Weka ile ya zamani."

Ile ya zamani ilikuwa ndani ya mkoba wa Tryphosa. Aliiweka yeye mwenyewe asubuhi, ameikunja ndani ya sweta, maana anamjua mtu wake. Ni lenzi fupi, imechubuka, mpira wake umeshikwa na gundi, lakini ndiyo iliyosomesha huyo mtoto aliyekaa pale mwisho wa mstari. Akaitoa, akamnyooshea.

"Weka hii."

"Mama Edinah, niliapa mbele ya kanisa."

"Uliapa kwamba hiyo mpya itaanza na Edinah. Hukuapa kwamba nyingine haitampiga."

Hilo lilimgusa, Tryphosa aliona. Mkono wake ulitoka kidogo kwenye kamera. Angeichukua wakati huo, hadithi hii nisingekuwa nayo. Lakini lile lidude likanguruma tena, na kwa sekunde moja tu skrini ikawa safi, viti na kofia na majoho vikaonekana vizuri kabisa, halafu ukungu ukarudi.

"Umeona?" Walubengo akasema. "Inataka kukubali. Ngoja kidogo."

"Hakuna kungoja. Shika hii."

"Kidogo tu."

Kitivo kingine kikaitwa, kikakaa. Tryphosa alikuwa amesimama na lenzi ya zamani mkononi, ameinyoosha, mkono unauma, kama mtu anayempa chakula mtoto aliyefunga mdomo. Alitaka kumpiga nayo. Nasema ukweli, alipima hata pahali pa kupiga, pale juu ya sikio, na kilichomzuia ni kwamba palikuwa na watu.

"Baba Edinah, wa elimu ndio wanafuata."

"Naskia."

"Wanaitwa sasa."

"Sekunde."

"Wanasimama."

"Naona," akasema Walubengo, na alikuwa ameinama, kidevu kimegusa kifua, anachomoa betri kwa ukucha.

Basi Tryphosa akamwacha. Akageuka akaangalia mbele, kwa sababu lazima mtu mmoja aangalie.

Walisimama wote kwa pamoja, mamia ya majoho meusi, na pale mwisho wa mstari Edinah akasimama nao. Akageuka kama alivyoahidi. Alikuwa na kofia mkononi na tabasamu usoni, tabasamu pana la nyumbani, si la watu. Tryphosa akainua mikono yote miwili, lenzi ya zamani ikiwa bado kwenye mmoja, akapiga vigelegele mpaka koo likauma. Edinah akamwona. Halafu macho yake yakatoka kwa mama yake yakaenda pembeni kidogo, yakakaa hapo. Wenzake wakaanza kuvaa kofia. Yeye hakuvaa. Aliendelea kuangalia pale pale, kofia mkononi, mpaka jirani yake akamgusa kiwiko. Ndipo akaiweka kichwani, akageuka mbele, na mstari mzima ukakaa.

Hapo ndipo Tryphosa aliposikia kamera imelia. Mlio mmoja, safi.

Walubengo akainua kichwa. Uso ulikuwa umelowa jasho na umejaa furaha. "Imekubali," akasema. "Mama Edinah, imekubali. Wameitwa?"

Kwenye skrini kulikuwa na nyasi, kipande cha kamba, na ncha ya kiatu chake cha kushoto. Kila jani la nyasi lilionekana. Malimbuko ndiyo hayo.

Tryphosa alikuwa na maneno ya kumwambia, maneno mengi, mengine ya tangu Edinah akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Alipofungua mdomo likatoka moja.

"Wamekaa."

Baadaye, watu walipomwagika uwanjani kutafutana, Walubengo alifanya kama kawaida yake akiwa na makosa: alifanya kazi nyingi. Lenzi sasa ilikuwa inafanya kazi kama iliyotoka mbinguni. Akamvisha Edinah shashi, akamsimamisha kando ya mti, akamwondoa, akamsimamisha mbele ya jukwaa tupu.

"Pale mwanzo ilisumbua kidogo," akamwambia, "lakini sasa iko sawa kabisa. Hebu simama hapa. Geuka kama vile uligeuka."

Edinah akageuka. Akatabasamu tabasamu la kitambulisho.

"Hapana, kama vile uligeuka kabisa."

"Ndiyo hivyo, Baba."

"Sawa. Iko sawa. Umetoka vizuri sana."

"Hakuna noma," Edinah akasema, akampapasa baba yake begani jinsi mtu anavyompapasa mgeni aliyemwaga chai. Akasema anaenda kutafuta wenzake wa darasa kabla hawajapotea. Tryphosa alimfuata kwa macho mpaka akamezwa na majoho mengine. Angalau angelia. Angelia, baba mtu angejua amefanya nini. Huku kupapaswa begani hakumfundishi mtu kitu.

Walubengo alikuwa anamwonyesha skrini. "Ona hiyo. Ona kope."

"Si hiyo niliyoomba."

"Lakini ona vile iko."

"Nimeona, Baba Edinah. Si hiyo."

Hapo Obiero akawafikia, anapenya katikati ya watu. "Mama Edinah, msichana wenu ni yule alikuwa mwisho wa mstari? Mimi nilikuwa nafuata ule mstari kwa sababu ya mteja mwingine. Nilishikilia tu kidole, nikamchukua mfululizo." Akaivua kamera yake shingoni, akampa Walubengo.

Walubengo akaishika kwa mikono miwili. Picha ya kwanza, Edinah anainuka, amegeuka, lile tabasamu pana limejaa uso wote. Tryphosa akasogea karibu. Ndiyo hiyo. Ndiyo hiyo aliyokuwa ameomba, na ilikuwa ndani ya kamera ya mtu mwingine.

"Aisee," Walubengo akasema. "Umeshika fokasi kwenye jicho kabisa. Na ni lenzi hii hii?"

"Hii hii."

Akabonyeza. Ya pili, ya tatu, bado anatabasamu, kichwa kimeinama upande kidogo. Walubengo alikuwa anatikisa kichwa kwa sifa, fundi akiangalia kazi ya fundi mwenzake. Akabonyeza tena. Tabasamu lilikuwa limeshuka upande mmoja. Akabonyeza. Halipo. Akabonyeza, na pale kila mtu ana kofia kichwani isipokuwa Edinah.

"Hapa ameharibu," akasema. "Wenzake wameshavaa na yeye bado ameishika. Mbona amekunja uso hivi? Anangoja nini? Kuna kitu anaangalia huku kwa kamba..."

Obiero akaanza kufunga mkoba wake, ambao ulikuwa umefungwa tayari.

"Anakuangalia wewe," Tryphosa akasema.

Hakupandisha sauti. Na hasira aliyokuwa amebeba tangu asubuhi haikuwemo ndani, na hilo lilimshangaza yeye mwenyewe.

Walubengo akairudisha kamera kwenye picha ile ya kwanza. Akabonyeza pole pole, moja moja, mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akabonyeza tena. Obiero alinyoosha mkono kuchukua kamera yake, akaurudisha mfukoni, akangoja.